Mtesi ni Nani? Mateso, Kifo na Sauti ya Mkristo katika Maandishi ya Eastlands, Nairobi

Uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki uliokomaa katika miaka ya 1970 na 1980 uliizoea dini kama suala lililokwisha kuamuliwa. Mhusika aliposali, mhakiki aliandika neno kasumba pembeni mwa ukurasa. Alipovumilia, alihesabiwa kuwa hajapata mwamko. Mkabala huo ulikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zingali na nguvu. Dini ya wamisheni iliingia nchini bega kwa bega na utawala wa kikoloni, na ahadi ya mbinguni imetumiwa mara nyingi kumnyamazisha anayedai haki yake duniani. Upungufu wake ni kwamba hauwezi kuzitenganisha sauti mbili zinazosikika ndani ya imani hiyo hiyo moja. Makala haya yanadai kwamba katika maandishi yanayotokana na mitaa ya Eastlands, Nairobi, mtazamo wa Kikristo kuhusu mateso na kifo hauna umoja unaodhaniwa, na kwamba ufa wake huonekana katika sarufi kabla ya kuonekana katika mafundisho. Swali la kuuliza ni hili: nani anasema, anamwambia nani, na anasema badala ya nani?

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kina la kusema hapa ambalo Kiingereza hakina. Nomino mateso imetokana na kitenzi tesa, na kitenzi hicho hudai mtendaji. Dhiki inaweza kuwapo bila mtu kuileta. Taabu na shida pia. Lakini panapotajwa mateso, sikio la msemaji wa Kiswahili humtafuta mtesi. Hata isemwapo kwamba maradhi yanamtesa mtu, maradhi hayo hupewa utu kwa kitambo, yakawa kama adui aliyekuja mlangoni. Ndiyo maana neno hilo liliwafaa watafsiri wa Injili walipofika kwenye mateso ya Yesu, kwani huko watesi wanajulikana kwa vyeo vyao: makuhani, liwali, askari.

Neno la pili ni mapenzi. Kupenda ni kutaka na pia ni kuwa na upendo. Kiswahili hakikuona haja ya kuvitenga vitu hivyo viwili. Mkristo wa Makadara au Bahati anapotaja mapenzi ya Mungu, anataja kwa pumzi moja yale ambayo Mungu ameyataka na yale ambayo Mungu ameyaonyesha kwa upendo. Katika sala ya asubuhi jambo hili ni utajiri. Penye jeneza la mtoto ni jambo la kutisha. Kusema kwamba mateso ya mtoto huyo yalikuwa mapenzi ya Mungu ni kujibu, bila kukusudia, swali ambalo neno mateso limeliuliza: mtesi ametajwa, na tendo lake limeitwa upendo.

Ramani ya Eastlands yenyewe inasomeka kama maandishi juu ya suala hili. Kuna Jerusalem na Jericho, mitaa yenye majina ya miji ya Biblia ambamo watu huzaliwa, hulipa kodi ya nyumba na kufa. Karibu nayo kuna majina ya wafu wawili. Mtaa wa Mbotela unamkumbuka Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Alitoka katika ukoo wa Mbotela wa Frere Town, jamii ya watumwa waliokombolewa na kulelewa na misheni, ukoo ambao James Mbotela aliusimulia katika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Mitaa yenye jina la Ofafa inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani aliyepigwa risasi mwaka 1953. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyochagua kuwakumbuka hawa. Wale waliokusanywa na askari katika mitaa hiyo hiyo wakati wa Operesheni Anvil mwezi Aprili 1954, wakapelekwa vizuizini, hawakupewa mtaa. Kila utawala una orodha yake ya mashahidi, na kanisa la Eastlands limekuwa likihubiri kati ya orodha zinazogombana.

Utanzu ulioenea kuliko yote katika mitaa hiyo ni tangazo la kifo. Wahakiki wameupuuza, pengine kwa sababu hauna mwandishi anayejulikana. Neno tanzia limepata bahati ya ajabu katika Kiswahili: darasani ni tamthilia ya Kigiriki au ya Shakespeare, gazetini na redioni ni taarifa ya msiba, na asili yake ya Kiarabu ni kufariji. Kwa miongo kadhaa matangazo hayo yalisomwa redioni, kwanza na Sauti ya Kenya na kuanzia mwaka 1989 na shirika lilelile kwa jina la KBC, na yamekuwa yakichapishwa magazetini kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Fani yake haibadiliki sana. Sentensi ya kwanza husema kwamba ni kwa huzuni kubwa, na kwa kukubali mapenzi ya Mungu, kifo cha fulani kinatangazwa. Hufuata majina ya jamaa kwa mpangilio mkali: wazazi, mume au wake, watoto, ndugu, wakwe, wajukuu. Mwishoni huja mambo ya kazi: mikutano ya matayarisho itafanyika wapi na saa ngapi, mwili utaondoka mochari lini, msafara utaelekea kijiji gani.

Ni rahisi kulidharau tangazo la aina hii kama fomula tupu. Likisomwa kwa makini, linajipinga lenyewe. Sentensi ya kwanza inafunga hesabu: Mungu ametaka, waliobaki wamekubali. Sentensi zote zinazofuata zinaifungua tena. Zinaita watu waje na kuwapa mahali pa kukutana kila jioni. Zinadokeza mchango, kwa sababu kuusafirisha mwili kutoka Kaloleni hadi Siaya au kutoka Shauri Moyo hadi Machakos ni gharama ambayo mshahara wa mtu mmoja hauwezi kuibeba. Ikiwa jambo lilikwisha kukubaliwa, wito huo wote ni wa nini? Theolojia ya tangazo iko katika sentensi moja, na desturi yake iko katika nyingine zote. Desturi hiyo inasema jambo ambalo theolojia imelificha, yaani kwamba kifo hiki hakikubaliki hata kidogo na hakuna awezaye kukikabili peke yake.

Utanzu huu ulijua pia kunyamaza. Katika miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukiwachukua vijana wa mitaa hiyo kabla ya dawa za kupunguza makali kuwafikia maskini, tangazo lilisema kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na kila msikilizaji alielewa. Serikali iliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Fomula ilikuwa imeutangaza mapema kwa njia yake ya kukwepa. Katika kukwepa huko mlikuwa na huruma kwa wafiwa. Mlikuwa pia na hukumu, kwani linalofichwa ni lile linalodhaniwa kuwa aibu. Inafaa kukumbuka kwamba neno marehemu, ambalo Wakristo wa Eastlands hulitumia bila kufikiri, walilipokea kutoka kwa Waislamu, nalo asili yake ni rehema: mtu aliyerehemiwa. Mara nyingi neno hilo la kuazimwa lilikuwa na rehema zaidi kuliko mahubiri yaliyolifuata.

Je, sentensi ya kwanza ya tangazo ndiyo sauti ya Ukristo? Wahakiki wa miaka ya 1970 waliamini hivyo, na wahubiri wengi wanaamini hivyo hadi leo. Hapa mahasimu hao wawili wanakubaliana. Kitabu cha Ayubu kinawapinga wote. Rafiki watatu wa Ayubu wanakuja kumfariji, na kwa siku saba wanaketi naye chini bila kusema neno. Hilo ndilo tendo lao jema la pekee. Wakianza kusema, wanatoa maelezo: Mungu ni mwenye haki, basi aliyeteswa amekosa, Mungu anajua, basi anayelia anyamaze. Kila wanalolisema ni habari za Mungu katika nafsi ya tatu. Ayubu naye, akiwa amechoka na kukasirika, anageuka kila mara na kumsemesha Mungu uso kwa uso, kwa nafsi ya pili: mbona unanifanya shabaha yako? Mwishoni mwa kitabu hukumu inatolewa, na wanaoambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa ni wale rafiki. Mlalamikaji ndiye anayeombwa awaombee.

Tofauti hiyo ya nafsi ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Bustanini Gethsemane mapenzi ya Mungu yanatajwa na yule atakayeteswa mwenyewe, kabla ya mateso, baada ya kuomba kikombe kimwepuke, naye anamwambia Baba yake moja kwa moja. Katika tangazo la kifo yanatajwa na walio hai, baada ya tukio, juu ya mtu asiyeweza tena kukubali wala kukataa. Maneno yanafanana, lakini tendo la usemi ni jingine kabisa. Sala imegeuzwa taarifa. Mtu anaweza kusema kwamba yake na yatimizwe. Kumsemea maiti ni unyang'anyi, hata ukifanywa kwa machozi ya kweli.

Fasihi ya Kiswahili inaufahamu usemi huu wa nafsi ya pili tangu zamani, na haikuupata kwa Wakristo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inayotafakari kuangamia kwa fahari ya Pate, inausemesha moyo wa mshairi mwenyewe, inauonya na kuubembeleza. Kifo hapo ni jambo la kuzungumza na mtu. Upande wa pili yupo Kazimoto wa Euphrase Kezilahabi katika Kichwamaji (1974), msomi anayeyauliza maswali ya Ayubu bila kuwa na wa kumwuliza, naye anaishia kujiua. Wengi wamekisoma Kichwamaji kama kitabu cha mtu aliyepoteza imani. Pengine ni sahihi zaidi kusema kwamba ni kitabu cha mtu aliyepoteza nafsi ya pili: maswali yake yote yamebaki, anayeulizwa ametoweka.

Riwaya inayostahili kusomwa kwa mwanga huu, na ambayo Eastlands ni chanzo chake, ni Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka mwaka 1986 na kupata tuzo ya Sinclair. Mwandishi alizaliwa Southampton mwaka 1928, akafika Kenya mwaka 1954 akiwa muuza vitabu wa misheni ya Kianglikana, akaolewa katika jamii ya Waluo mwaka 1960, akawa raia wa Kenya, na akafariki Nairobi mwaka 2015. Alikuwa Mkristo waziwazi, na hakuwahi kuificha imani yake ili apendwe na wahakiki. Kwa hiyo msomaji anaweza kutarajia riwaya ya mahubiri. Haipati.

Paulina, msichana wa miaka kumi na sita, anawasili Nairobi kwa treni mwaka 1956, Hali ya Hatari ingalipo, akimfuata mumewe Martin anayeishi Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mimba aliyokuja nayo inaharibika. Anapotoka hospitali anapotea njia katika jiji asilolijua. Anapofika nyumbani hatimaye, mumewe anampiga. Mambo haya yote yamesimuliwa kwa sauti tulivu, karibu ya kikarani, na msomaji wa harakaharaka anaweza kudhani kwamba msimulizi hajali. Ukweli ni kwamba msimulizi anakataa kazi ya rafiki wa Ayubu. Hasemi kwamba mimba ilipotea ili Paulina ajifunze jambo fulani. Hamlaumu Paulina, na hamtaji Mungu ili kumtetea. Kila pigo linaachwa lilivyo, na msimulizi anaendelea kuketi karibu.

Jaribio kubwa la njia hii ni kifo cha Okeyo. Paulina, akiwa ametengana na Martin na kuishi Kisumu, anamzaa mtoto wa kiume nje ya ndoa. Mtoto huyo anauawa kwa risasi tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo Rais Kenyatta alikwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Kisovieti na askari wakaupiga risasi umati. Hapa historia na ubunifu vimeshonwa pamoja: tukio ni la kweli, mtoto ni wa kubuni. Mwandishi mwenye haja ya mafundisho angekuwa na njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni ile ya mhubiri wa adhabu, kwamba mtoto wa zinaa amechukuliwa. Ya pili ni ile ya mhakiki wa miaka ya 1970, kwamba kifo kimemwamsha mama kisiasa, na kwa hiyo kina faida. Macgoye anazifunga zote mbili. Okeyo hafi kwa ajili ya kitu chochote. Anakufa kwa sababu kuna aliyefyatua risasi, na swali la mtesi linabaki mahali pake, mitaani, mikononi mwa dola.

Msomaji mkali atauliza kama huku si kukimbia. Mwishoni Paulina anarudiana na Martin, na mwaka 1978, mwaka wa kifo cha Kenyatta, ana mimba tena. Inawezekana kuusoma mwisho huo kama ushindi wa ndoa juu ya mwanamke, mateso yakilipwa kwa mtoto. Pingamizi hilo lina uzito, hasa kwa kuwa Martin hajawahi kulipia kipigo cha mwanzo. Hata hivyo riwaya haikuruhusu malipo yakamilike. Inakoma kabla ya kuzaa. Jina lake lenyewe linakaribiana sana na ujumbe ambao mfalme Hezekia aliupeleka kwa nabii Isaya Yerusalemu ilipozingirwa: watoto wamefika wakati wa kuzaliwa, na nguvu za kuwazaa hazipo. Ujumbe huo ulikuwa ombi la mtu asiyejua mwisho wake. Anayelisoma jina la riwaya kama tangazo la furaha ameisikia nusu yake tu. Wala Paulina huyu wa mwisho si yule aliyepotea njia mwaka 1956. Sasa anaijua mitaa, ana kazi na ana maoni yake.

Katika Chira (1997) Macgoye aliingia kwenye mzozo wenyewe wa maelezo. Neno hilo la Kidholuo ni la maradhi ya kudhoofika yanayoaminika kumpata aliyevunja miiko, na riwaya inahusu ukimwi. Uzito wa jina hilo uko katika kuonyesha kwamba elimu ya miiko na mahubiri ya dhambi, ambazo hujidai kuwa mbalimbali, zilikutana kitandani pa mgonjwa na kumwuliza swali lile lile: umefanya nini? Ukristo uliosema hivyo ulikuwa umeingia chira bila kujijua. Riwaya yenyewe haina mshikamano wa ile ya kwanza, na mjadala mara kwa mara unamshinda mhusika nguvu. Lakini utambuzi huo peke yake unatosha kuifanya isomwe katika kozi yoyote inayojadili dini na fasihi nchini.

Ipo pia gharama ya lugha. Wahusika wa Macgoye wanaombolezea Pumwani na Kisumu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza maneno mateso na mapenzi hayagongani kama yanavyogongana masikioni mwa mkazi wa Majengo. Riwaya imelazimika kufanya kwa kunyamaza yale ambayo Kiswahili kingeyafanya kwa neno moja. Eastlands, inayomboleza kwa Kiswahili kila siku, inastahili riwaya ya Kiswahili itakayolishika suala hili kwa ujasiri huo huo.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, likawaua watu wapatao hamsini. Lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa. Maelezo hayakukawia: mvua ni ya Mungu, siku ya mtu ikifika haina mwombezi. Injili ya Luka ina tukio la jinsi hiyo hiyo. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, na Yesu anakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Inafaa kuangalia asilolisema. Hasemi kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu, wala hatoi sababu nyingine yoyote. Anawageukia walio hai na kuwataka watubu, na katika Huruma wa kwanza kuguswa na neno hilo ni aliyejenga na aliyeliacha jengo lisimame. Mara baada ya mnara, Luka anaweka mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anamsihi auache mwaka huu tena, apate kuupalilia na kuutia samadi. Hadithi inakomea kwenye ombi hilo, na jibu la mwenye shamba halikuandikwa.